Kiti cha Mwenye Shida

Pampu ya maji ya jengo moja la ghorofa jijini Dar es Salaam iliibwa usiku, na kamera zikaona kila kitu. Kufika asubuhi video ilikuwa imeshazunguka kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji: mtu mwenye kofia, begi begani, spana mkononi, anafungua nati moja baada ya nyingine bila haraka, kama fundi aliyeitwa. Wapangaji waliitazama, wakawatumia ndugu zao, wakabishana kama yule si kijana anayeosha magari pale nje. Mlinzi wa usiku hakuulizwa kitu. Saa nne haijafika, ameshafukuzwa kazi. Mpangaji mmoja akaandika kwa utani kwamba sasa aitwe Sherlock Holmes, na kijana wa ghorofa ya tatu akamjibu kuwa Holmes wa leo angekufa njaa, maana kamera zimemmaliza.

Mwandishi wa makala haya ni mpangaji wa jengo hilo, na siku hiyo alikuwa anaoga kwa ndoo kama wenzake. Alicheka, kisha akabaki anajiuliza. Kijana yule ana hoja. Siku hizi simu inamsaliti mwenye nayo, na vinasaba vinafufua kesi zilizokwisha ota vumbi. Kwa hesabu hiyo, bwana wa mwaka 1887 mwenye lenzi ya mkononi na kofia ya baridi alipaswa awe amesahaulika zamani. Lakini mwaka 2012 Guinness, wale watunza rekodi za dunia, walimtaja kuwa binadamu wa kubuni aliyeigizwa mara nyingi kuliko wote katika filamu na televisheni: mara 254, na tangu hapo hawajaacha kumwigiza. Kuna kitu anacho ambacho kamera haina. Mwandishi anaamini anakijua, ila kilimjia kwa vipande katika maisha yake, na kipande cha kwanza hakikumhusu Holmes hata kidogo.

Kilimhusu Bwana Msa. Ilikuwa Tanga, mwandishi akiwa mwanafunzi wa sekondari, bweni zima likigombania kitabu kimoja kisicho na jalada kilichopita mikono mingi hadi kona za kurasa zikawa nyeusi. Kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Ndani yake kuna maiti kwenye mzimu unaoogopwa, kuna askari, kuna watu walio tayari kuamini lolote, na kuna bwana mmoja wa Unguja mwenye kiko mdomoni asiye na haraka ya kuamini chochote. Anaye mwenzake, Najum, ambaye huuliza yale ambayo msomaji mwenyewe angetaka kuuliza. Vijana wa bweni lile hawakujua kuwa kiko kile kina ukoo Uingereza. Walichojua ni kwamba taa zikizimwa, mwenye tochi ndiye mwenye zamu ya kusoma.

Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza shule alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa takriban miaka kumi, ndipo akaingia katika uandishi wa habari na kuwa mhariri wa gazeti la *Zanzibari* mwaka 1948. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, naye alianzia kwenye afya. Alikuwa daktari, na sura ya Holmes aliipata kwa mwalimu wake wa Edinburgh, Dk. Joseph Bell, aliyekuwa akimtazama mgonjwa mlangoni na kumwambia kazi yake na alikotoka kabla hajafungua mdomo. Mwandishi haoni hili kuwa sadfa tupu. Mkaguzi wa afya huingia uani kwa watu, akafunua pipa la maji, akauliza nani analala chumba kipi. Kazi ya namna hiyo humzoesha mtu kutazama vitu ambavyo wenye nyumba wameacha kuviona.

Miaka hiyo hiyo ya sekondari, wakati wa likizo, nyumba ya jirani ilipotewa na bangili ya dhahabu muda mfupi baada ya harusi. Akaitwa mpiga ramli. Alikuja na ubao wake, akatandaza mchanga, akachora nukta na mistari, akanyamaza kidogo, kisha akasema bangili imechukuliwa na mtu wa humu humu, mwanamke, asiye wa damu. Katika nyumba ile mwanamke asiye wa damu alikuwa mmoja: msichana wa kazi kutoka Lushoto. Jioni yake alipandishwa basi, nguo zake zikiwa kwenye mfuko wa rambo. Bangili haikuonekana siku ile wala baadaye. Kilichomkaa mwandishi moyoni ni kwamba katika nyumba iliyojaa watu wazima, hakuna aliyemketisha binti yule akamuuliza alikuwa wapi, nani aliingia chumbani, aliona nini.

Ukitazama kwa mbali, mpiga ramli na Holmes wanafanana. Wote wawili humshangaza mgeni kwa kumwambia mambo yake. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Katika *A Study in Scarlet*, kitabu cha kwanza kabisa, Holmes anampa Dk. Watson, mwenzake wa baadaye, mkono na papo hapo anamwambia ametoka Afghanistan. Baadaye anafungua hesabu yake yote: mwendo wa kijeshi kwa mtu aliye daktari, uso uliochomwa na jua ilhali vifundo vya mikono ni vyeupe, sura iliyokondeana, mkono wa kushoto uliokakamaa kama umeumia. Msomaji akishaelezwa, anaweza kupinga. Anaweza hata kujaribu mwenyewe kesho ndani ya daladala, na mwandishi amejaribu sana, mara nyingi bila mafanikio. Mchanga wa ramli hauna nafasi ya kupingwa, na ndiyo maana msichana wa Lushoto hakuwa na la kujibu.

Hapo ndipo Bwana Msa alipomshika mwandishi akiwa kijana. Mzimu, katika hadithi za Abdulla, ni mahali ambapo watu wameacha kuuliza, na mwuaji analijua hilo. *Kisima cha Giningi* cha mwaka 1968 kinaingia tena kwenye eneo hilo hilo, maana Giningi ni jina ambalo masimulizi ya Visiwani yamelihusisha na wachawi. Conan Doyle alikuwa amepita njia hiyo kabla yake katika *The Hound of the Baskervilles*, iliyochapishwa kwa mfululizo mwaka 1901 na 1902: ukoo unaosemekana kulaaniwa, nyika ya Dartmoor yenye ukungu, na jibwa la moto ambalo mwishowe ni mbwa wa kawaida aliyepakwa fosforasi. Cha kuchekesha, aliyeandika hayo alizeekea kwenye kuita roho za wafu, na mwaka 1922 akatoa kitabu kizima cha kutetea picha za vijimalaika vyenye mbawa zilizopigwa na wasichana wawili wa Cottingley. Ni heri Holmes hakuwahi kumrithi baba yake kwa hilo.

Kipande cha pili kilipatikana mahakamani. Mwandishi alianza kazi ya uandishi wa habari kwa kukaa kwenye benchi la nyuma la mahakama moja ya jiji, na wiki chache zilitosha kumfundisha sentensi ambayo kila ripota wa mahakama anaweza kuiandika usingizini: upelelezi haujakamilika, shauri limeahirishwa. Mwendesha mashitaka anaisema akiwa bado hajanyanyuka sawasawa, hakimu anataja tarehe, karani anaita jalada linalofuata. Washitakiwa wanarudi rumande kwa karandinga lile lile. Walalamikaji nao wanakwenda zao, na safari ijayo wanakuja wachache.

Siku moja ripota huyo alikuwa kwenye kaunta ya kituo kimoja cha polisi akitafuta habari yake. Mbele yake alisimama mama muuza mboga. Malalamiko yake yalikuwa ya ajabu: kila Alhamisi mtu humwibia ndoo tupu, na Ijumaa ndoo inarudishwa imeoshwa. Askari wa zamu alicheka, na watu wote waliokuwa kwenye foleni walicheka, pamoja na ripota. Mama akaambiwa arudi ndoo ikiibwa moja kwa moja, hapo atapewa RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Akajifunga kanga yake upya akaondoka. Yawezekana lilikuwa jambo la kipuuzi. Yawezekana pia mtu alikuwa anabebea kitu fulani kila Alhamisi.

Siku hizo ndipo mwandishi alipopata maktabani mkusanyiko wa hadithi za Holmes kwa Kiingereza, na usiku wa siku ile alisoma *The Red-Headed League* ya mwaka 1891. Jabez Wilson, mwenye kiduka cha rehani na nywele nyekundu kama moto, anakuja na kisa cha kuchekesha. Aliajiriwa kwa pauni 4 kwa wiki ili akae ofisini kila siku kwa saa nne akinakili kamusi elezo ya *Britannica* kwa mkono, kwa sababu tu ya rangi ya nywele zake. Baada ya wiki nane akakuta tangazo mlangoni kwamba chama kilichomwajiri kimevunjwa. Holmes na Watson wanaangua kicheko. Mzee anakasirika, anainuka aondoke. Holmes anamsukuma kwa upole arudi kitini, anamwambia kisa chake hakiachiki, kisha anamuuliza kuhusu msaidizi wake wa dukani: amepatikanaje, mbona anakubali nusu mshahara? Msaidizi yule alikuwa anachimba njia chini ya ardhi kwenda ghala la benki iliyo nyuma ya duka, na alihitaji mwenye duka asiwepo. Dalili ilikuwa magoti ya suruali yake.

Mwandishi aliweka kitabu chini. Kwa maoni yake, hadithi nzima iko katika ule mkono unaomrudisha mzee kitini. Genge, handaki na dhahabu vinafuata kama bili. Karibu hadithi zote za Holmes zinaanza hivyo hivyo: hatua kwenye ngazi, mgeni mwenye wasiwasi, kiti karibu na moto, na mtu mmoja aliyefumba macho anasikiliza mpaka mwisho. Katika *A Case of Identity* ni binti mpiga taipu aliyepotewa na mchumba. Katika *The Speckled Band* ni mwanamke anayetetemeka alfajiri, na Holmes anatambua kwa matope ya kwenye mkono wa koti lake kuwa amepanda gari dogo la farasi kabla ya kuchukua treni. Mgeni huyo anaonwa. Ni mara chache mwenye shida akaonwa namna hiyo, London ya wakati ule au Dar es Salaam ya sasa.

Ukweli usemwe: kama mafumbo, nyingi ya hadithi hizo zina matundu. Nyoka wa *The Speckled Band* anaitika mluzi, anakunywa maziwa kwenye sahani, na anapanda na kushuka kwenye kamba ya kengele. Mtoto yeyote aliyekulia kijijini anajua kuwa nyoka huyo hayupo. Bado hadithi hiyo inasomwa, na Conan Doyle mwenyewe aliipenda kuliko zote. Fumbo lingekuwa ndilo linalovuta watu, ingekuwa imeshatupwa.

Ripota huyo alipata baadaye mfano wa kweli wa mtu kuonwa namna hiyo. Mwaka 1903, huko Great Wyrley katika jimbo la Staffordshire, wakili kijana aitwaye George Edalji, mtoto wa mchungaji wa Kianglikana mwenye asili ya India, alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kosa la kumkatakata farasi mdogo usiku. Alitoka baada ya miaka mitatu, jina likiwa limechafuka na leseni ya uwakili imekwenda. Conan Doyle alipanga kukutana naye hotelini, akachelewa, na alipoingia ukumbini akamwona amekaa anasoma gazeti akiwa amelisogeza karibu kabisa na macho, tena kwa upande. Doyle alikuwa amesomea matibabu ya macho. Pale mlangoni alishapata swali ambalo mahakama haikulipa uzito: mtu asiyeona vizuri hata mchana anawezaje kuvuka mashamba, ua na reli gizani akamvizia farasi? Akaandika magazetini mwanzoni mwa mwaka 1907. Mwaka huo huo Edalji alisamehewa, ingawa hakulipwa fidia, na kesi yake ilisaidia kusukuma kuanzishwa kwa mahakama ya rufaa ya makosa ya jinai nchini Uingereza. Gazeti lililoshikwa karibu na uso, basi. Walilitazama wengi kabla yake.

Miaka ikapita, na kazi ikampeleka mwandishi London. Alikwenda Baker Street kama wanavyokwenda wote. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1990 lina namba 221B mlangoni, ingawa limesimama kati ya namba 237 na 241, na mlangoni kuna kijana aliyevaa sare ya polisi ya karne ya 19 anayepigwa picha kutwa. Ndani kuna kiko, fidla, kiatu cha Kiajemi kilichojaa tumbaku, na sanamu za nta zisizopendeza hata kidogo. Mwandishi hakuvutiwa na vitu. Alivutiwa na habari za barua. Kwa miongo mingi, ofisi kuu ya taasisi ya fedha ya Abbey National ilikuwa kwenye mtaa huo, katika majengo yaliyochukua nafasi ya namba 221, na barua zilizoandikwa kwa jina la Sherlock Holmes zilifika hapo kutoka pande zote za dunia kwa wingi kiasi kwamba taasisi hiyo iliweka mfanyakazi wa kuzijibu. Baadhi ziliandikwa kwa mchezo. Nyingine zilikuwa za watu wenye shida hasa. Mtu anajua kabisa kwamba anayemwandikia hakuwahi kuzaliwa, na bado ananunua stempu.

Mapenzi hayo yasimfanye mtu awe kipofu. Mwandishi aliwahi kubishana na mwenzake wa Bukavu, mwandishi wa habari aliyemsoma Holmes kwa Kifaransa tangu utotoni, kuhusu *The Devil's Foot* ya mwaka 1910. Sumu inayoua watu Cornwall katika hadithi hiyo ni mzizi ulioletwa kutoka eneo la Ubangi, ukielezwa kuwa ni wa waganga wanaowapimia watu hatia, aina ya mwavi. Rafiki yule aliuliza, kwa hasira ya haki, mbona Kongo imetajwa hapo kwa sumu tu. Mwandishi hakuwa na utetezi kwa hadithi. Alichoweza kumkumbusha ni kwamba mwaka mmoja kabla yake, 1909, Conan Doyle alitoa *The Crime of the Congo*, kitabu chenye ushahidi wa mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya mpira chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mzungu yule yule aliona na hakuona. Wawili hao walikubaliana hapo wakaagiza samaki.

Walizungumza pia juu ya jambo lingine: mwisho wa hadithi hiyo. Holmes anampata mwuaji, mtafiti wa Kiingereza aliyelipiza kisasi cha mwanamke aliyempenda. Anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwachia arudi Afrika kumalizia kazi yake. Hamripoti kwa mtu. Yule wa Bukavu aliona ni haki. Mwandishi, aliyezeekea mahakamani, hakuwa na hakika, na mpaka leo hana. Ila alitambua kuwa hukumu ile ilitoka kwa mtu aliyesikia shauri zima, jambo ambalo kwenye mashauri mengi aliyoyaripoti halikuwahi kutokea.

Mwaka 1893 Conan Doyle alimchoka Holmes na kumtumbukiza kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi. Wasomaji walimjia juu, jarida la *Strand* lililochapisha hadithi zake likapoteza wanunuzi kwa maelfu, na mwaka 1903 ikabidi amfufue. Hadithi zote ni 60: riwaya 4 na hadithi fupi 56, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1927. Conan Doyle alifariki mwaka 1930, na tarehe 1 Januari 2023 hadithi za mwisho zilitoka kwenye haki miliki hata Marekani, kulikokuwa na mvutano mrefu. Mfasiri wa Kiswahili hana wa kumpigia magoti. Wachapishaji wetu wazitazame kazi hizo, na wakati huo huo wahakikishe *Mzimu wa Watu wa Kale*, *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu* na *Siri ya Sifuri* hazikosekani madukani.

Msomaji anayetaka kuanza Holmes aanze na *The Red-Headed League*, na aiache *A Study in Scarlet* mpaka baadaye, maana nusu yake ya pili inahamia Utah na inachosha. Anayetaka kusoma Kiswahili aanze na Bwana Msa, na asikubali kuambiwa na yeyote kwamba ameanza na nakala.